Kodi, bima au mfuko wako mwenyewe: matibabu yetu yalipwe vipi?

Mwenye Duka wa Kwahani

Assalaam alaykum wanabaraza. Kampeni za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 hapa Zanzibar zimepamba moto na dukani kwangu siku hizi hapana mazungumzo ila hospitali, ajira na kodi. Kila jukwaa linaahidi matibabu na kila jukwaa linapigiwa makofi. Mimi ni mtu wa daftari. Kilichotoka lazima pana pahala kilitokea, na hapo ndipo sijamsikia mgombea hata mmoja akifika.

Nimezitazama njia, naona tatu. Ya kwanza, serikali ilipe kila kitu kwa kodi na mgonjwa asiulizwe hata shilingi. Hiyo ndiyo tuliyorithi kwa Mzee Karume baada ya Mapinduzi ya 1964: skuli bure, hospitali bure. Ya pili ni bima. Mfuko wa Huduma za Afya, ZHSF, tunao tayari. Sheria yake ni ya 2023, ukaanza na watumishi wa serikali kisha ukaingia sekta binafsi. Mfanyakazi anakatwa, mwajiri anatia chake. Ya tatu hakuna anayeihubiri, lakini wengi wetu ndiyo tunayoishi nayo: ukiumwa unatia mkono mfukoni, ukikuta hamna unapita kwa jamaa.

Mimi naegemea bima. Pesa ya kodi ikishaingia Hazina inachanganyika na barabara, mishahara na safari za wakubwa. Ya bima ina jina lake, ukitaka kuiuliza unajua pa kuulizia. Lakini nyumbani nabishiwa na dukani nabishiwa, ndiyo nimeileta hapa tulinganishe. Rangi za vyama tuziache nje pamoja na viatu. Wa kijani na wa zambarau wote wanaumwa meno.

Zamu ya Usiku

Waalaykum salaam kaka. Niko mapokezi kwenye hoteli moja ukanda wa Kiwengwa. Kabla hujaisifu bima, nisomee slipu yangu ya mshahara.

Kima cha chini cha sekta binafsi ni 347,000, na wengi tuko hapo hapo au juu kidogo. ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 7, hiyo 24,290 imeshakwenda kabla sijaigusa. Ije na ya afya, nauli, chumba, na mama Donge anayengojea. Sikatai kukatwa. Ninalouliza mimi ni la masika. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani ya mashariki zinapunguza watu, nyengine zinafunga kabisa. Unaambiwa nenda nyumbani tutakupigia. Miezi hiyo hakuna mshahara, basi na mchango hakuna. Sasa kadi yangu itafanya kazi au nayo itakwenda nyumbani ingojee kupigiwa? Nilimuuliza mtu wa utumishi pale kwetu akanijibu, "hilo tutalijua likifika."

Bao la Kete

Na masika ndiyo watu wanakohoa. Kwa hiyo kadi ya jua kali tu, kama miwani ya watalii.

Bi Mwani, Jambiani

Nyote mnaozungumza mna slipu. Mimi sina, na wanawake wote ninaoingia nao pwani hawana.

Kazi yetu ya kulima mwani inafuata maji. Bamvua, maji yakitoka sana, unashuka; maji mafu, yasipotoka sana, unakaa. Unapigilia mambo, vile vijiti vya kufungia kamba, unavuta kamba, unafunga mbegu moja moja kwa vijikamba vya taitai mpaka vidole vinachanika, unangojea kama wiki sita, unavuna, unaanika, mvua ikinyesha unaanua unaanika tena, ndipo mnunuzi aje na mizani yake na bei yake. Joto la maji likizidi, mwani unaingia weupe, unalainika na kukatika, unarudi na kamba tupu. Ule mnene tunaouita cottonii, wenye bei, umekuwa mgumu kustawi huku kwetu. Tumebaki zaidi na spinosum, na kilo yake kavu hainunui kilo ya mchele.

Sasa mtu akinijia na bima ya kila mwezi ananipotezea wakati. Miezi yangu haifanani. Akiniambia kila mavuno toa kiasi fulani, hapo nitavuta mkeka nimsikilize. Na hiyo kodi, msidhani sisi hatulipi. Iko ndani ya sabuni, ndani ya kanga, ndani ya vocha. Naitoa kila siku ya Mungu. Mimi naona ile ile ninayoitoa ndiyo initibu, sina haja ya kufunguliwa daftari la pili.

Kijana wa Kiembesamaki

Hapa watu wanazunguka. Jibu liko uwanja wa ndege. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima anayeingia kutoka nje analipa dola 44. Wageni mwaka ule walipindukia laki 7. Piga hesabu mwenyewe. Mwananchi asitozwe kitu.

Mhasibu wa Darajani

Kijana, hiyo dola 44 ni bima ya mgeni mwenyewe, inakatwa kupitia Shirika la Bima la Zanzibar. Akivunjika mguu Nungwi, au akapotelewa na mizigo, au akahitaji kusafirishwa kurudi kwao, ndiyo kazi yake. Haikutozwa ili Bi Mwani apigwe picha ya kifua. Ukitaka wageni wachangie hospitali zetu lazima uweke kodi nyengine juu yake, na wenye hoteli watakuja mbio kwenye ofisi za serikali pale Vuga na mabango.

Halafu kumbuka 2020. Mwaka wa kabla yake walikuja zaidi ya laki 5, corona ikaingia, mwaka ule hawakufika laki 3. Ingekuwa dawa za Pemba zinategemea mgeni tu, tungekosa dawa mwaka ule ule ambao dunia nzima ilikuwa inaumwa.

Kijana wa Kiembesamaki

Sawa mhasibu, lakini barabara, maji, umeme na ufukwe anatumia mgeni yule yule. Sijaona kosa la kumtoza.

Mpemba wa Konde

Sasa nisikilizeni na mimi, maana naona Unguja mnagawana peke yenu.

Mwenye Duka umeandika tulirithi matibabu bure. Kweli. Nani alilipa? Karafuu ndiyo iliyolipa, na karafuu nyingi ni ya huku. Miaka ya sabini bei ya dunia ilikuwa juu, mnunuzi aliyeruhusiwa alikuwa serikali peke yake, na mkulima akipewa sehemu ndogo tu ya kile kilichopatikana nje. Iliyobaki ndiyo iliyoendesha skuli na hospitali za visiwa vyote viwili. Marehemu baba yangu hakuwahi kuona slipu maishani mwake, na alikatwa kuliko daktari. Halafu miaka ya themanini Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ikaanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe. Bei ikaporomoka, na ile bure ikaporomoka nayo pole pole, dawa kwanza, vifaa baadaye. Hapakuwa na mtu aliyesimama kutangaza kuwa imekwisha.

Kwa hivyo yakhe, usinipangie kodi na bima kana kwamba moja inauma na nyengine haiumi. Zote zinauma. Mimi nataka kujua inamuuma nani, na akishaumwa anapata hospitali iliyo umbali gani.

Maana huku hata ukipewa kadi ya dhahabu, pana bahari kati. Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya na Wachina, ikafunguliwa 2016, na hospitali za wilaya nazo zimejengwa, hilo tunashukuru. Lakini ukiandikiwa rufaa ya Mnazi Mmoja kule Unguja, hesabu: nauli ya meli ya mgonjwa, nauli ya mtu wa kumshika, gari ya kukutoa bandarini Malindi, na pa kulala yule anayekushika. Ukipelekwa mbele mpaka Muhimbili, zidisha. Hakuna bima wala kodi niliyoisikia jukwaani inayotaja nauli ya mtu wa kumshika mgonjwa, na kwetu hiyo ndiyo inayouzisha mbuzi.

Bi Mwani, Jambiani

Ami wa Konde, hapo umenena.

Mwangalizi

Nimefuta majibu mawili ya matusi kwa wagombea. Mwenye hoja arudi, mwenye hasira akaoge kwanza.

Nesi Mstaafu

Wanangu, nimewasoma tangu asubuhi. Mnabishana nani alipe bila ya kutazama kinacholipiwa. Niacheni nikupelekeni wodini.

Mama anakuja kujifungua. Kitanda bure, mkunga bure. Kisha jamaa yake anapewa kijikaratasi: glavu, kanula, drip, nyuzi za kushonea, pamba, sindano ya kuzuia damu. Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara, na lina kila kitu. Mume anakwenda, anarudi, ameambiwa nyuzi zile sizo, anakwenda tena. Mimi nimesimama na mgonjwa mkononi nikingojea bodaboda irudi na drip. Sitaji hospitali, na zilikuwa zaidi ya moja. Sasa niambieni hiyo ni njia ya kwanza ya Mwenye Duka au ya tatu? Kwenye vitabu ni ya kwanza. Mfukoni mwa yule baba ni ya tatu.

Hii ndiyo sababu siichukii bima. Hospitali ikijua kuwa kila mgonjwa anayetibiwa kuna madai yatapelekwa kwenye Mfuko na kulipwa, inajitahidi rafu isikae tupu, maana isipomhudumia hailipwi. Hospitali ikilipwa na serikali kutoka kwenye kodi, bajeti ikishapitishwa, mgonjwa aje asije, pesa ni ile ile, na ikichelewa kushuka wa kulaumiwa hayupo.

Lakini na bima ina maradhi yake. Mwenye kadi anaandikiwa vipimo vinne pale ambapo kimoja kingetosha, kwa sababu vinne vinalipwa. Na sisi wenyewe hatujambo: kadi moja inatibiwa nayo ukoo mzima, dada anajiita mke, mpwa anajiita mtoto. Mfuko wowote duniani utatoboka hapo.

Mwenye Duka wa Kwahani

Mama Nesi, shikamoo. Umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe. Hayo ya kadi ya ukoo yanazuilika kwa picha na alama za vidole. Rafu tupu kwa miaka yote hii haikuzuilika. Bado nasimama na bima.

Zamu ya Usiku

Mwenye Duka, nikuulize kwa heshima. Una kijana anayekusaidia dukani. Umemuandikisha ZSSF? Umemuandikisha kwenye huo Mfuko unaousifu?

Mwenye Duka wa Kwahani

Yule ni mtoto wa dada yangu. Nampa posho, anakula kwangu, na akiumwa nampeleka mimi mwenyewe.

Zamu ya Usiku

Basi hiyo ndiyo njia ya tatu, kaka.

Bao la Kete

Kete imeliwa hiyo. Weka nyengine.

Mwenye Duka wa Kwahani

Mnacheka, lakini nileteeni mwenye duka mmoja Mwanakwerekwe mwenye kijana mmoja au wawili ambaye ameweza. Kodi ya fremu, leseni, umeme wa friji, risiti za kielektroniki, usafi. Mchango wa mwajiri unaongezeka juu ya hayo yote. Ukinilazimisha nimuandikishe kama hoteli ya vyumba mia inavyoandikisha, mwisho nitamrudisha kwa mama yake, na takwimu yenu ya ajira itapungua mtu mmoja.

Mhasibu wa Darajani

Hapo ndipo ajira, kodi na bima vinapokutana, na ndipo majukwaa yanapopaparuka. Bima ya kukatwa mshahara inafanya kazi vizuri kwenye nchi ambayo watu wengi wana mshahara. Kwetu walio na mwajiri anayejulikana, anayeandika na kupeleka, ni wachache ukiwalinganisha na wavuvi, wakulima, mafundi, bodaboda, wauza samaki na mama lishe. Kwa hiyo mgombea akikuahidi bima kwa wote, muulize ajira. Na akikuahidi ajira, muulize ni ajira gani: ile ya kuchanganya zege miezi mitatu mpaka jengo liishe nayo inahesabiwa?

Upande wa kodi nao una lake. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Tuseme kwa mfano tu kila mtu atengewe 50,000 kwa mwaka, ambayo kwa Mama Nesi haifiki hata safari moja ya maana. Hiyo tayari ni shilingi bilioni 94 na nusu. Hazianguki kutoka juu ya mnazi. Zitoke kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwetu ni asilimia 15 na Bara ni 18. Ukipandisha, Bi Mwani analipa kwenye sabuni sawa na mwenye hoteli. Usipopandisha, basi lazima ile iliyopo ikusanywe kweli, na hapo wenye maduka mnajua mnavyosema mteja akitaka risiti.

Muuza Vitenge

"Bei ya risiti au bei ya bila risiti?" Nimeisikia mpaka kwenye mkate wa boflo.

Mhasibu wa Darajani

Naam. Kila bei ya bila risiti ni drip moja haikununuliwa. Wala msiilaumu serikali peke yake, hapo mnunuzi na muuzaji wamekubaliana.

Na jengine, maana naona watu wanawauliza wagombea wasiohusika. Oktoba 29 Mzanzibari anapewa karatasi tano. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, sheria zake zinatungwa Dodoma na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ndiyo inayokusanya, hata hapa. Hayo muulize mgombea ubunge. Afya si ya Muungano. Kima cha chini cha mshahara si cha Muungano. VAT ya ndani na ada za hoteli ni za Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, zinakusanywa na ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, ile tuliyokuwa tukiiita ZRB. Hayo ni ya mgombea uwakilishi na urais wa Zanzibar. Hata ile sheria ya bima ya afya kwa wote iliyopitishwa Dodoma 2023 ni ya Bara, haikuvuka maji. Juzi nimemsikia mgombea ubunge mmoja anaahidi kupandisha mishahara ya wafanyakazi wa hoteli, na watu wanampigia vigelegele. Hana hiyo kalamu.

Mjukuu wa Mwembeladu

Mimi nina swali moja tu kwa wanaosema bila slipu haiwezekani. Bibi yangu anapokea pencheni jamii. Ilianza Aprili 2016, kila mzee aliyefika miaka 70, shilingi elfu 20 kwa mwezi, sasa elfu 50. Hakuna aliyemuuliza alikuwa mwajiriwa wa nani. Hakuchangia mfuko wowote. Alikwenda na kitambulisho, sheha, kiongozi wa mtaa, akamthibitisha, basi. Inatoka kwenye kodi na imesimama karibu miaka kumi. Kama wazee imewezekana, kwa nini isiwezekane kwa mwenye mimba na mtoto mdogo? Anzeni na hao kwa kodi, bure kweli kweli na nyuzi zimo. Wengine tubanane na bima.

Nesi Mstaafu

Mjukuu, umesema la maana kuliko sote. Ningeongeza wa sukari na presha, maana hao ndio wanaotuishia. Wanakunywa dawa mwezi huu, mwezi ujao hawana, wanarudi wamepooza upande mmoja. Kidonge cha presha ni rahisi kuliko kitanda.

Mhasibu wa Darajani

Naona tofauti moja. Pencheni unajua mwezi huu watu wangapi na shilingi ngapi. Ugonjwa haupigi hodi kwa idadi. Lakini wajawazito na watoto wachanga wanahesabika, hilo nakubali. Kliniki wana kadi zao.

Mwenye Duka wa Kwahani

Na mimi nakubali kwa hao. Bado sijajibiwa Bi Mwani na wenziwe watachangia vipi, ukiacha kusema kodi wanalipa.

Kijana wa Kiembesamaki

Rahisi. Karafuu inanunuliwa na ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake, kwenye vituo vyake. Mkulima akipimiwa gunia, akatwe kidogo pale pale, apewe kadi ya mwaka. Mwani vivyo hivyo, kwa mnunuzi. Hakuna kumfuata mtu nyumbani.

Mpemba wa Konde

Nilijua mtafika hapo! Nimekuandikieni habari ya baba yangu, na jibu lenu ni kurudi kwenye gunia lile lile.

Haya, tuseme nimekubali. Anayepimiwa pale kituoni ni mwenye shamba. Anayepanda juu ya mkarafuu ni mchumaji, analipwa kwa pishi, leo kwa huyu kesho kwa yule, na msimu ukiisha anarudi kuvua. Mwenye shamba atapata kadi, na aliyeko juu ya tawi saa hii, ambaye likikatika ndiye anayebebwa Chake Chake kwa machela, hana. Na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa? Mnajua wenyewe, mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Kadi ya mwaka wa mavuno mabovu inatoka wapi?

Kama mnataka kukata karafuu, basi na hoteli zikatwe kwa kipimo kile kile, na mchumaji aandikwe kwa jina. Hapo nitalileta gunia mwenyewe.

Bi Mwani, Jambiani

Kwangu mimi la kukatwa kwa mnunuzi halinitishi, mradi iwe kwa kilo nilizouza. Nikivuna kingi nitoe kingi, nisipovuna nisidaiwe, na kadi isife. Nikidaiwa malimbikizo ya miezi ya kamba tupu, nitaitupa kadi baharini niendelee na mwarobaini wangu.

Zamu ya Usiku

Na mimi wa masika nataka hilo hilo. Mwaka ndio uhesabiwe, mwezi tuuache. Nikichangia miezi kumi ya msimu, ile miwili nifunikwe.

Mhasibu wa Darajani

Kihesabu hilo linafanyika. Kiwango kinapandishwa kidogo miezi ya kazi ili kifidie miwili. Kwenye slipu yako itakuwa maelfu machache zaidi. Utakubali?

Zamu ya Usiku

Nikiona imeandikwa kwenye kanuni, ndiyo. Kwa ahadi ya mtu wa utumishi, hapana.

Muuza Vitenge

Mimi bado na njia ya tatu, samahanini. Nina afya yangu, sina mtoto, nachangia harusi na maziko mtaani, inatosha.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, kila niliyempokea usiku wa manane alikuwa na afya yake mchana.

Muuza Vitenge

Hewala, mama. Lakini sijashawishika.

Bi Mwani, Jambiani

Nimerudi. Jana alasiri mgombea uwakilishi alikuja kwetu, tukakaa chini ya mti wa mkungu na wenzangu. Sitaji chama. Alipomaliza ya barabara na ya kisima nikanyoosha mkono, nikamuuliza mawili: mwezi nisiovuna nitalipa nini, na nikiumwa mwezi huo nani atanitibu. Akasema mchango wa wakulima wa mwani utafuata msimu. Nikamuuliza imeandikwa ukurasa gani wa ilani. Akamtazama msaidizi wake, msaidizi akatazama simu. Akasema litaingizwa.

Mpemba wa Konde

Ilani imeshachapwa, litaingizwa wapi? Pembeni kwa kalamu ya risasi?

Bi Mwani, Jambiani

Nimemwambia hivyo hivyo, akacheka. Lakini aliliandika kwenye daftari lake, nimemuona, na mwanangu ana picha.

Mwenye Duka wa Kwahani

Hongera Bi Mwani. Kwahani pana mkutano Jumamosi baada ya alasiri. Nitakwenda na maswali matatu: la msimu, la nauli ya anayemshika mgonjwa wa Pemba, na la mwajiri mdogo mwenye kijana mmoja. Wa majimbo mengine ulizeni haya haya, mlete majibu hapa kabla ya tarehe 29, tuyaweke pamoja tuone nani amesema nini.

Zamu ya Usiku

Na yule mtoto wa dada yako uende naye, amsikilize mgombea akilijibu hilo la tatu.